Milembe Alisema Nini

Somanda, Bariadi
2/6/2024

Gloria mwanangu,

Umesema simu basi. Umesema tukikupigia mimi na mjomba wako tunafoka tu, moyo wako unakwenda mbio, kwa hiyo mwenye la kusema aandike. Haya, naandika. Nilisoma mpaka la nne. Mwandiko utauvumilia.

Salu, msimamizi wetu hapa kiwandani, ameniona nina karatasi na bahasha akasema, "Mzee Ndalahwa, umepata mchumba?" Vibarua wote wakacheka. Nikamwambia apige domo lake kwa mke wake. Mimi nina kazi.

Sasa sikia. Daktari wa Mwanza alikwambia mbele yangu. Mlango wa moyo wako haufungi vizuri. Ukiibeba hiyo mimba mpaka mwisho, moyo utasimama. Alisema wamekaa madaktari watatu wamekubaliana. Alisema itolewe sasa, ikiwa bado wiki tisa. Hakusema labda. Mimi nabeba marobota ya pamba, vitabu sijui, lakini kufa najua kukoje. Nimeshakuona.

We ukamjibu, "Ngoja nikafikirie." Unafikiria nini?

Namjua anayefikiria badala yako. Ni mjomba wako Selestini huko Nkoma. Amekulea, sikatai. Mke wake Martha amekunyonyesha kwa chupa, sikatai. Lakini ukatekista wake usiingie tumboni mwako. Anakwambia ni mapenzi ya Mungu. Mama yako alipokufa alisema hivyohivyo. Mvua ikinyesha, mapenzi ya Mungu. Isiponyesha, mapenzi ya Mungu. Ng'ombe akizaa, akifa, hivyohivyo. Mtu wa namna hiyo hawezi kukosea hata siku moja. Muogope.

Nenda Mwanza. Kama mume wako Bujiku anakuzuia niambie, nije niongee naye. Usipokwenda nitakuja mwenyewe nikubebe.

Baba yako,
Ndalahwa


Somanda
2/6/2024

Selestini,

Umenizuia kwenye simu. Nikipiga na yangu, haipatikani. Nikipiga na ya Salu, unapokea unasema haloo kwa sauti nzuri. Katekista mzima. Barua hii nampa dereva wa lori linalokuja Nkoma kuchukua pamba. Lori huwezi kulizuia.

Mwache mtoto wangu.

Dada yako Milembe ulimfanyia hivihivi mwaka 2003, mimi niko palepale. Mimba ya miezi sita. Presha imempanda, uso umevimba, Kiswahili kimemtoka kichwani, anaongea Kisukuma tu. Daktari alikuwa Mchaga. Akauliza, "Mama, tuitoe mimba wewe upone, au tuiache?" Milembe akasema neno moja. "Lekagi." Wewe ukamgeukia daktari ukasema, "Anasema iacheni."

Shemeji, lekagi ni acheni. Acheni, basi. Mimi na wewe tulikuwa tunagombana juu ya kichwa chake tangu asubuhi. Alikuwa anatuambia sisi. Acheni kelele. Wewe ukatia hiyo "i" mbele, ukamfanya anaongelea mimba. Herufi moja tu. Wiki tano baadaye tukamzika.

Miaka ishirini na moja sijasema. Sasa nasema, kwa sababu umeanza tena kwa Gloria. Ukimuua na huyu nitakuja hapo kanisani kwako na koleo.

Ndalahwa


Nkoma, Itilima
7/6/2024

Shemeji Ndalahwa,

Tumsifu Yesu Kristu.

Barua yako imefika. Matusi nimekusamehe, ingawa hukuomba.

Namba yako niliizuia kwa sababu ulinitukana mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza. Simu ilikuwa kwenye spika. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hilo neno la mwisho maana yake nini?" Utamjibu wewe.

Tuje kwa Gloria. Sijasema afe. Nilimwambia hakuna mtu aliyepewa mamlaka ya kuua mmoja ili mwingine apone. Aliye tumboni naye ni mtu, hana barua ya kuandika, hana baba wa kufoka kwa ajili yake. Daktari anaujua moyo. Kesho haijui. Kwenye simu ulisema Gloria ana hiari yake. Ni kweli, Mungu ametupa hiari. Lakini hiari siyo ruhusa. Mimi nina hiari ya kukuchoma kisu, shemeji, na siku nyingine natamani, lakini sijaruhusiwa.

Usidhani sina uchungu. Akiwa na miaka tisa alishikwa na homa ya viungo, hiyohiyo iliyomharibu moyo. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Analia goti, analia kiwiko, analia kila mahali. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa Bariadi unabeba pamba.

Tuje kwa Milembe. Unasema nilitia herufi. Wewe ulikuwa umesimama miguuni kwake. Kisukuma ndicho ulichozaliwa nacho. Daktari alikugeukia wewe mume akauliza, "Ndivyo alivyosema?" Ukaitikia kwa kichwa. Karatasi ya kukubali mimba iachwe ukaweka dole wewe. Mimi dole langu halipo pale.

Na ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini? Mbona hilo hukuandika? Ulitaka tumtoe wodini tumpeleke kwa mganga wako, akapigiwe ramli ya kuku, mimba isitoke. Mimi nilitaka padri aje ampake mafuta, mimba isitoke. Hakuna kati yetu aliyetaka itoke. Leo usijifanye wewe ulikuwa upande mwingine.

La mwisho. Mimba ile unayosema tungeitoa ina jina. Inaitwa Gloria. Kama una ubavu mwandikie mwenyewe kwamba asingezaliwa.

Barua yako nimeinakili nimemtumia. Na hii pia.

Wako katika Kristu,
Selestini


Kiloleli, Busega
12/6/2024

Baba na Mjomba,

Shikamooni.

Barua hii ni moja, nimeiandika mara mbili, kila mtu na yake. Msiseme mwenzenu kapewa ndefu zaidi.

Nimesoma zenu zote. Tangu nipate akili mnaniambia mama alifariki kwa uzazi. Basi, kwa uzazi, kama vile ni jina la kijiji. Hakuna aliyeniambia kwamba aliulizwa swali. Hakuna aliyeniambia kwamba alijibu. Nimeishi miaka ishirini na moja na watu wawili mnaojua neno la mama yangu, mkalikalia kama kiti.

Sasa nataka kitu kimoja. Nataka mniambie mama alisema nini. Sitaki alimaanisha nini. Sitaki Biblia, Mjomba. Sitaki kubebwa, Baba. Siku ile alisema nini, na baada ya pale akasema nini tena? Maana wiki tano ni nyingi. Mtu hakai kimya wiki tano.

Mkidanganya nitajua. Mnachukiana mno, hamwezi kupatana kwenye uongo mmoja.

Msije. Andikeni.

Gloria


Nkoma
16/6/2024

Mwanangu Gloria,

Tumsifu Yesu Kristu.

Alisema "lekagi". Baba yako hajadanganya hapo. Hakusema kingine mbele ya daktari.

Mimi nilisikia "iacheni". Naapa kwa ubatizo wangu. Nilikuwa nimetoka kusali, nilikuwa nimeomba Mungu amtie Milembe nguvu ya kukataa, na nikasikia anakataa. Kama nilisikia nilichokuwa nakitaka, Mungu ananijua. Sikutunga.

Unauliza wiki zile tano. Nilikuwa nakwenda kila jioni kwa baiskeli. Tulisali rozari pamoja. Siku za kwanza alikuwa anaitikia. Baadaye alikuwa anashika tu shanga. Hakulalamika hata siku moja. Hakuniuliza kuhusu mimba, hakusema anataka itolewe. Ndiyo maana nimekaa miaka hii yote nikiamini alikubali. Mtu asiyekubali hushika rozari namna ile?

Siku uliyozaliwa ulikuwa mdogo kama nusu mkate. Muuguzi alisema usipewe jina kwanza. Mimi nikakupa. Nikakubatiza mwenyewe kwa maji ya chupa, kwa sababu nilidhani unakufa. Mama yako alikuwa ameshakufa, dakika ishirini hivi. Nikasema Gloria, yaani utukufu, nikiwa nalia. Niambie nilikuwa nimekosea. Nikitazama ulivyo sasa, siwezi kusema Milembe alikufa bure. Siwezi, mwanangu. Ukiniondolea hilo, mimi ni mtu aliyemuua dada yake.

Kwa hiyo usiniulize nasimama upande gani kuhusu tumbo lako. Umeshajua.

Martha anakusalimu. Amesema uache chumvi.

Mjomba wako,
Selestini


Somanda
17/6/2024

Gloria,

Umeuliza. Nakujibu. Nimechana karatasi mbili kabla ya hii.

Selestini amesema kweli. Mimi niliitikia kwa kichwa. Nilisikia lekagi, nikajua anatuambia tuache kelele, maana hata nyumbani nikifoka alikuwa ananiambia hivyohivyo. Neno lake nalijua. Nikaitikia. Nikaweka dole.

Unataka kujua kwa nini. Tulikuwa tumezika wawili. Wa kwanza siku moja, wa pili miezi mitatu. Ukoo wangu ulishaanza kuniambia nitafute mwingine. Mimi sikutaka mke mwingine. Nilitaka mtoto kwa Milembe. Selestini aliposema iacheni, nilisikia kama kuna mtu kanitua gunia. Nikasema moyoni, siyo mimi niliyesema.

Sasa lile Selestini hajui. Hata yeye hajui.

Siku ya tatu Milembe alipata nafuu kidogo. Uso ulipungua. Tuko wawili tu, namlisha uji. Akaniuliza, "Mbona daktari haji kunitoa hii mimba? Mwambieni aje, mi nataka kurudi nyumbani." Kwa Kiswahili kizuri. Nikamwambia, "Daktari amesema imeshakuwa kubwa, haitoki tena."

Nilimdanganya. Daktari alikuwa chumba cha pili pale. Ningekwenda hatua ishirini.

Akamaliza uji. Akasema, "Basi." Baada ya hapo hakuuliza. Selestini anafikiri alikubali mapenzi ya Mungu. Hakukubali kitu. Aliambiwa mlango umefungwa na mtu aliyeushika kitasa.

Ndiyo maana nilikupeleka Nkoma. Watu wanasema nilikupeleka kwa sababu mwanaume peke yake hawezi mtoto mchanga. Uongo. Nilikuwa siwezi kukutazama. Siku ya kwanza kuniita baba ulikuwa na miaka miwili, uko kwa Martha, na mimi sikuitika. Martha anakumbuka.

Mjomba wako anasema nikuandikie mwenyewe kwamba usingezaliwa. Nakwambia. Ndiyo. Ningesema kweli siku ile, ningekuwa na Milembe na wewe usingekuwepo. Nisingekulilia, kwa sababu nisingekujua. Hiyo ndiyo kweli, ni mbaya, sina nyingine.

Lakini sasa nakujua. Nakujua unavyokohoa, unavyobishana, unavyokata kucha kwa meno. Huyo wa tumboni mwako simjui. Selestini anaweza kumpenda asiyemjua. Mimi sina moyo mkubwa hivyo. Mimi nakujua wewe, na nimeshadanganya mtu mmoja kitandani, na sitaki kusikia tena habari ya mapenzi ya Mungu kutoka kwa mtu yeyote, kwa sababu siku ile Mungu hakuweka dole. Niliweka mimi.

Nenda hospitali. Nakuomba. Mara ya kwanza niliamuru, sasa nakuomba.

Ndalahwa


Kiloleli
30/6/2024

Baba, Mjomba,

Shikamooni.

Nimechelewa kujibu. Hii nayo ni moja kwa wote wawili. Baba, humu nimekuwekea nakala ya barua ya Mjomba ya tarehe 16. Mjomba, humu nimekuwekea nakala ya barua ya Baba ya tarehe 17. Kaa chini kabla hujaisoma.

Mimba haipo. Nilikwenda Mwanza tarehe 27 Mei, nikatoka tarehe 29. Siku mnaandika barua zenu za kwanza, imeshakwisha, mimi nimelala kwa mama mkwe nakunywa mchuzi. Mwezi mzima mmegombania kitu ambacho hakipo.

Sikwenda kwa sababu ya Baba. Sikwenda kwa kumkomoa Mjomba. Bujiku alitoka kwenye jaruba la mpunga, miguu ina matope, akakaa kizingitini akaniuliza, "Wewe unataka nini?" Katika watu wote, yeye ndiye aliyeniuliza. Na tangu tuoane hajawahi kuniuliza hata nataka kitenge gani. Nikamwambia nataka kuishi. Hapohapo nikajisikia vibaya, kama nimeomba kitu cha mtu. Akasema, "Basi twende." Na yeye alikuwa anamtaka huyo mtoto kuliko ninyi wawili. Alishaanza kumtafutia jina. Mimba hii ilikuwa na baba, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuandikia.

Hospitali walinipa karatasi. Niliisoma mstari kwa mstari. Nikasaini jina langu lote.

Mjomba, utaniuliza kama niliomba. Niliomba siku saba. Sikusikia kitu. Ulitufundisha kwenye kipaimara kwamba Mungu hamkamati mtu mkono kwa nguvu. Basi, hakunikamata. Sijui kama alitaka au hakutaka. Nimefanya mimi. Kama ni dhambi, ni yangu. Msimpe daktari, msimpe Baba, na msimpe Mungu.

Kwa nini sikusema mapema? Nilikuwa nimeshashika kalamu. Ndipo Mjomba akaniletea ile nakala yenye neno la mama. Nikajua nikisema imekwisha, mtanyamaza wote, kila mtu atarudi kwenye pamba yake na altare yake, na mama yangu nisingemjua mpaka nakufa. Nikawaacha mgombane. Ni ubaya, najua. Nimejifunza kwenu.

Baba, usinipongeze. Hukushinda. Nimelia siku nne, kifua kinauma, na huyo ambaye wewe humjui, mimi nilikuwa nimeanza kumjua. Na ulilomfanyia mama siwezi kukusamehe leo. Labda mwaka kesho. Usiniulizeulize.

Mjomba, na wewe usinizike. Sijafa.

Gloria


Nkoma
8/7/2024

Ndalahwa,

Salamu leo sina.

Nimeisoma barua yako. Dakika tano nilidhani nimekosea jina la aliyeandika. Milembe aliniuliza mimi kila jioni kwa macho, na mimi nikafikiri anasali. Nimemsomea mateso ya Bwana mwanamke aliyekuwa anasubiri daktari! Ulikuwa unakaa kwenye benchi pale nje, unavuta sigara, unanitazama naingia na rozari. Ungeniambia ningemwita daktari mwenyewe. Au nisingemwita. Sijui. Umeninyima hata kujua mimi ni mtu wa aina gani.

Na leo Gloria ametoa mimba. Mmefurahi.

Nimefanya lililo wajibu wangu. Nimempigia mwenzangu Deogratias, katekista wa Kiloleli, nikamwambia. Amemwita Gloria. Gloria hakukana. Padri amesema asipokee komunyo mpaka aungame na kutubu. Gloria amesema kuungama ataungama, lakini kusema anajuta hawezi, kwa sababu akirudishwa siku ile atafanya vilevile, na hatamdanganya Mungu ndani ya kile chumba. Deogratias amesema Jumapili alikuja, akakaa benchi la mwisho kabisa. Bujiku ni wa AIC, anasali kwao. Kwa hiyo alikaa peke yake. Wenzake walipoinuka kwenda kupokea, yeye alibaki. Watoto walikuwa wanageuka kumtazama.

Unadhani nimefurahi? Martha hasemi na mimi. Ananiwekea ugali mezani anakwenda kula jikoni. Jana amesema neno moja tu: "Umemshtaki uliyembatiza." Nikamwambia sheria siyo yangu. Akasema, "Simu ni ya nani?"

Sina la kusema zaidi. Usiniandikie.

Selestini


Somanda
14/7/2024

Selestini,

Nakuandikia.

Umemchongea. Msichana wa watu katoka wodini hata mwezi mmoja na nusu haujaisha, moyo mbovu, na wewe unachukua simu, ileile uliyonizuia mimi, unampigia Deogratias. Ungepika hata chai kwanza ukafikiri.

Mimi ni muongo. Sawa. Nilimdanganya Milembe na nitajibu. Hasira zako zote kwangu ni halali, ongeza na nyingine. Njoo hapa Somanda unipige, sitarudisha.

Lakini nijibu hili. Wewe ulisikia ulichokuwa unakitaka, umeandika mwenyewe kwa mkono wako. Mtu akafa. Umeungama lini? Kwa padri gani? Kila Jumapili uko mbele, unafungua mdomo wa kwanza, unawapangia watu foleni. Mimi niliyeweka dole, hakuna aliyenipigia simu. Wewe uliyesema iacheni, walikupa joho. Gloria aliyesoma karatasi na kusaini jina lake, hakumdanganya mtu, hakumsemea mtu, huyo ndiye kawekwa benchi la nyuma.

Sisemi hana dhambi. Mimi hayo siyajui, shule yangu fupi. Labda kwa Mungu ana dhambi. Lakini kama anayo, basi katika sisi watatu yeye peke yake ndiye aliyeibeba mwenyewe.

Barua hii usiinakili. Isome mwenyewe.

Ndalahwa


Somanda
15/7/2024

Gloria mwanangu,

Mwangaluka.

Sikupongezi. Nilitaka kukupongeza, nilishaandika, nikafuta. Umesema sikushinda. Ni kweli. Barua yako niliisomea stoo, juu ya marobota, na nilipofika pale uliposema umeanza kumjua, Salu akaniita mara tatu sikusikia. Akaja akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza nani? Nikamwambia mjukuu. Akasema pole, akanipa nusu siku. Ni mara ya kwanza nimempa huyo wa tumboni mwako jina lolote.

Mpe pole Bujiku. Nilikuandikia kwamba akizuia nije niongee naye. Mwambie mimi ni mjinga.

Kunisamehe usinisamehe. Mwaka kesho, mwaka wa mbele, usiponisamehe kabisa pia ni sawa. Sitauliza.

Mjomba wako nimemuandikia vibaya. Hasira zangu kwake hazijaisha, hata sijui kama zitaisha. Anasema uko benchi la mwisho peke yako na watoto wanakutazama. Jana nzima nimebeba mzigo nikiliona hilo benchi.

Mimi tangu maziko ya Milembe sijaingia kanisani. Nilitoka katikati ya misa, padri akiwa anasema ametwaliwa kwa mapenzi ya Mungu. Nilikuwa najua nani kamtwaa. Sistahili kupokea kitu mle ndani, wala sitaki. Lakini kukaa naweza. Wakiinuka wote kwenda mbele, tunabaki wawili. Watoto wakigeuka watanitazama mimi, mimi sura yangu imezoea. Na Deogratias akisogea kusema lolote nitamjibu, siyo kwa sauti kubwa.

Jumamosi hii hakuna kazi. Naweza kufika Kiloleli saa nane mchana, kesho yake twende kanisani. Lakini ulisema msije, na mimi nimekwenda mara nyingi mno mahali sijaulizwa, na pale nilipotakiwa kwenda hatua ishirini sikwenda. Kwa hiyo safari hii siji kwa kuamua mwenyewe. Nakuuliza wewe. Unataka nije?

Ukisema usije, nitabaki hapa na sitanuna. Ukisema njoo, utanionyesha pa kukaa.

Baba yako,
Ndalahwa